Helmeti Si Sufuria: Kubaki Hai Kwa Nduthi na Luku Ikiwa Safi

Sogea hapa base, weka simu chini kidogo, kuna stori inanichoma roho.

Wiki jana niliacha helmeti yangu kwa meza pale keja. Helmeti ya soo nane, nyeusi, inang'aa, na stika ya fuvu kando. Mimi najiona nimeomoka. Paka ya jirani ikaingia kutafuta omena, ikagusa hio kitu na mkia tu. Meza yenyewe ni fupi, ni ile ya kuwekea thermos. Helmeti ikaangukia simiti, paa! Ikagawanyika mara mbili kama papai.

Mathe akatoka jikoni. Akaokota nusu moja, akaigeuza, akacheki ndani. "Hii ni sufuria ya wapi haina mfuniko?" Akaiweka kando ya jiko. Alafu akiniona nashika ufunguo wa nduthi, akaongeza ile kitu amekuwa akisemanga tangu nizaliwe: "Vaa sweta, utashikwa na nimonia."

Maze, piga hio hesabu. Mtoi wake anaenda kuingia Jogoo Road na Boxer, katikati ya nganya mbili zinashindania pasenja, kichwa wazi kama yai. Na kenye kinamnyima usingizi ni upepo.

Lakini hio siku sikucheka sana. Ju kitu imeshindwa na paka, itaweza lori ya mchanga? Nikajiuliza, hii miaka yote nimekuwa nikivaa nini kwa kichwa? Mathe alikuwa ashajibu. Sufuria.

Soo nane ya kuona karao

Tuongee ukweli. Helmeti mob hapa Nai hazinunuliwangi ju ya kichwa. Zinanunuliwa ju ya karao. Msee anaona sanse wamesimama pale mbele, anachomoa helmeti kwa saidi mira, anaiweka kichwani bila kufunga kamba, anapita akitabasamu, anaitundika tena. Buda, mira haina ubongo. Na hio mira ndio ulikuwa uitumie kucheki nani anakukujia nyuma.

Sasa sayansi, fupi tu, usilale. Kichwa ikigonga lami, fuvu inasimama hapo hapo. Ubongo bado iko safarini. Kazi ya helmeti ni kuipatia nafasi ya kushika breki. Ganda ya nje inasambaza pigo, alafu ile foam ngumu ya ndani, inakaa kama ile hupakiwa na TV, inapondeka mos mos. Hio mos mos ni sehemu ndogo ya sekunde. Lakini ndio inaamua kama kesho utakumbuka PIN ya M-Pesa.

Sufuria haina hio foam. Iko na sponji ya kuoshea vyombo, imevishwa kitambaa ikae imesoma.

Wasee wa utafiti walikusanya kazi za nchi kibao, wakapata hivi: kwa ajali, helmeti inapunguza hatari ya kudedi kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna mganga anakupatia hio odds. Hata betting hawakupatii hio odds.

Ukienda kununua, kuwa rada. Cheki lebo imeshonwa kwa kamba ya kidevu: herufi E ndani ya duara, na namba inaanza na 05 ama 06. Hio ni standadi ya ECE. Stika pekee yake usiiamini, stika unachapishiwa River Road kabla chai ipoe. Bonyeza ndani uone kama kuna foam ya ukweli. Alafu ivae, tingisha kichwa kama umeulizwa deni. Shavu zibanwe kiasi, ukae ni kama umeficha mandazi mdomoni. Funga kamba, jaribu kuing'oa ukiivuta kutoka nyuma. Ikitoka, hio ni ya msee mwingine.

Na usiniletee ati umepata helmeti mtumba safi. Jaketi mtumba, wazi. Ndula mtumba, wazi. Helmeti mtumba ni kama mayai mtumba. Foam hupondeka mara moja tu kwa maisha yake, na wewe haujui ilikuwa na nani kabla yako. Hata yako mwenyewe, ukidunda nayo chini vibaya, muage. Amemaliza mboka.

Najua unataka kuuliza bei. Inauma. Helmeti ya maana ni mathao kadhaa, na pale Kirinyaga Road mimi nilibargain hadi mwenye duka akaniuliza kama niko sawa. Lakini cheki miguu yako saa hii. Jordan za thao nne, si eti? Na ni feki, na zimeanza kubanduka. Miguu umelipia thao nne, kichwa soo nane. Sisemi kitu. Nasema tu unajua mwenyewe akili yako iko wapi.

Luku ya kuonekana

Sasa tukuje kwa drip, ju hapa ndio wasee wanachoma picha.

Black on black ni luku, sikatai. Nduthi black, jaketi black, helmeti black. Pale Outering saa tatu usiku, taa za barabara zimezima, wewe ni kivuli imebebwa na kivuli. Dere wa lori hakuchukii, hakuoni tu.

"Riflekta inanifanya nikae msee wa mjengo." Najua. Na ile yako ya soo mbili imeoshwa hadi imekuwa rangi ya uji wa wimbi, haiwaki hata ukiimulika na tochi. Fanya hivi: nunua ule mkanda unang'aa, peleka kwa fundi wa nguo ashone kwa mgongo na mikono ya jaketi, kipande kingine bandika nyuma ya helmeti. Mchana uko fresh. Usiku taa ikikupiga, unawaka kama nganya imetoka kupakwa rangi jana.

Jaketi yenyewe, rauka Gikomba ama Toi saa wanafungua bale, tafuta leather nzito, kamera. Lami inakula jeans na kitambaa chepesi ukianza kuteleza tu. Leather inabishana nayo kidogo. Ile koti ya winter wasee wa stage huvaa nyuma mbele, zipu mgongoni, ni ya upepo tu. Mathe akiiona hupiga makofi. Nimonia imeshindwa! Kiwiko nacho, utajijua.

Miguu. Sapatu kwa nduthi ni aibu, buda. Crocs pia. Slaidi na soksi nyeupe pia, hata kama soksi iko na jina ya Italia. Vidole vya miguu havina spea Kirinyaga Road. Vaa buti ipite kifundo. Na mikono usiisahau. Ukianguka, mkono hutangulia, haukuulizi ruhusa. Kama glavu za bikers zinakuua mfuko, ingia hardware ununue zile za leather za welder. Utakaa fundi kidogo. Fundi ako na ngozi.

Vitu zingine za kuchoma picha, haraka haraka. Simu umeisokota ndani ya helmeti kando ya sikio, unabonga na manzi ukipita raundabauti. Taa za LED nyekundu na blue, karao anadhani umemwigiza. Silensa umeitoa ati usikike. Nani akusikie? Dere wa nganya ako na woofer zinatingisha vioo za keja za watu.

Wazae na hekima yao ya 1978

Kila mtaa iko na mzae mmoja wa nduthi. Wetu hukaa nje ya kinyozi na gazeti ya juzi. "Sisi tulienda na pikipiki hadi Kitale bila hiyo kofia yenu. Na niko hapa!"

Uko hapa, ndio. Wale hawakufika Kitale hawajaitwa kwa hii mkutano.

Huyo huyo mzae ndio aliambia mtaa mzima breki ya mbele ni ya shetani, ati itakupindua. Mtaa ikaamini. Wasee wanaendesha na breki ya nyuma pekee, wakifinya wanaburuta hadi kwa bampa ya Probox. Sikia: ukishika breki, uzito mwingi unahamia mbele. Tairi ya mbele ndio inakanyaga lami na nguvu, so kwa barabara kavu hio ndio inafanya kazi kubwa ya kukusimamisha. Tumia zote mbili. Ya mbele ifinye pole pole ikiongezeka, kama unakamua ndimu. Usiinyakue. Kwa mchanga na matope punguza mkono. Nenda uwanja wazi asubuhi ya Sunday ujaribu hadi vidole vizoee. Usingoje kujifunza ukiwa umeona bampa.

Alafu kuna wamathe wa kanisa. Kukaa upande, miguu zote zikining'inia side moja, kibeti magotini, mkono mmoja umeshika kitambaa ya kichwa. Ati ndio heshima. Nduthi ikiinama kona, heshima inabaki kona. Shosh, nakupenda, lakini vaa leggings ndani ya hio sketi ukae kama watu.

Kaa rada, barabara haina beshte

Hesabu ndogo. Ukiwa 60 kwa saa, kila sekunde unameza karibu mita 17. Ukicheki notifikesheni sekunde mbili, umepita mita 33 ukiwa kipofu. Hizo ni kama nganya nne zimepangwa laini. Hakuna meme inafika hio bei.

Mathree usiipite kushoto. Narudia, kushoto ndio mlango iko. Makanga hashuki kama binadamu, anatoka akiwa hewani, mkono mmoja kwa mlango, mwingine unapiga mabati. Mtakutana hapo hewani, na yeye amezoea.

Lori na basi, kumbuka hii: kama hauoni sura ya dere kwa mira yake, yeye hajui kama umezaliwa. Usikae kando yake taa zikiwa red, sana sana kushoto. Akikata kona, matairi ya nyuma yanakata ndani kuliko ya mbele. Baki nyuma yake ama pita kabisa. Katikati hakuna keja.

Mvua nayo. Wasee huogopa mvua ikiwa kubwa. Noma iko zile dakika za kwanza, ikidondoka tu. Vumbi na oili ya wiki nzima zinaelea juu ya lami, barabara inakuwa samaki. Ngoja kidogo chini ya kibanda, kula smokie, acha ioshe. Ukitoka, rangi ya zebra, vifuniko vya mitaro na chuma ya reli ni sabuni tupu. Pale reli inakata barabara huko Indaa, ipite ukiwa umenyooka, bila breki, bila kona. Na ule mwavuli mkubwa wa kufunga kwa nduthi, upepo ukishika, wewe ni mashua ya Lamu. Na haujui kuogelea.

Expressway sahau. Ilifunguliwa 2022, kilomita 27 za lami tamu, sehemu zingine juu kwa juu, na nduthi haziruhusiwi. Baki huku chini na sisi. Lakini huku chini pia kuna wasee wanapandisha nduthi kwa flaiova ya kupitia miguu pale Thika Road, wakipigia mama wa mtoto honi. Buda. Hapo umekosea hadi malaika.

Na nduthi yenyewe iangalie kabla utoke, dakika mbili tu. Tairi iko na meno ama ni kipara? Cheni imelegea hadi inaimba? Taa ya breki inawaka? Breki zinashika? Umemwagia rim rangi ya dhahabu ya thao tatu na breki pedi ya mia chache imebaki chuma. Hio ni kupaka lipstick ukiwa na njaa.

Kuhusu keroro sihubiri, mimi si pasta. Ukikata maji, nduthi ilale. Lipa mtu akupeleke, kesho utaicheka hio risiti. Jaba nayo inadanganya. Inakunyima usingizi, lakini haikupatii nguvu. Msee amekaa macho tangu jana anafuata oda za chakula, macho wazi, mtu hayuko. Hio ni nyumba na taa bila mwenyewe.

Pasenja si mzigo

Sheria ya trafiki iko wazi: pasenja mmoja, na nyinyi wote wawili helmeti na riflekta. Mmoja. Si yeye na mtoi na gunia na mtungi ya gas.

"Lakini helmeti ya stage imevaliwa na watu mia, nitashikwa na ringworm." Hapo uko na pointi. Na nywele ya thao tano, najua. Ukienda Kigali, kila moto, vile wanaitanga nduthi, iko na helmeti mbili, pasenja anavaa, maisha inasonga, na mademu wa huko hawajakuwa vipara. Nunua kofia ya plastiki ya kuogea, ikunje kwa bag. Vaa chini ya helmeti. Nywele iko salama, kichwa iko salama, na hautoki ukinuka jasho ya msee wa Githurai. Kama unapandanga kila siku, nunua yako. Uko na flask ya maji yenye iko na jina yako. Kichwa je?

Ukidunda

Msee akidunda, Wakenya tuko na roho safi na mikono mbaya. Watu kumi wanafika, watano wanashika simu, watano wanashika miguu. Wanamwinua kama kiroba ya waru, wanamtupa kwa pikapu, shingo ikitingika.

Usifanye hivo. Kwanza simamisha gari zisimkanyage mara ya pili. Kama anapumua vizuri, mwache vile ako, shingo isitingishwe, helmeti isivutwe. Bonyeza penye damu inatoka na kitambaa safi. Piga 999 ama 112. Kenya Red Cross wako 1199. Na wewe wa TikTok, geuza hio kamera uangalie sura yako kwanza.

Bei ya ukweli

Mwaka wa 2023 watu 4,324 walidedi kwa barabara za Kenya. Wenye wanatembea kwa miguu wanaongoza hio laini. Sisi wa nduthi tunawafuata.

Lakini hio ni hesabu ya serikali, na najua haikugusi. Wacha nikuguse na hii. Beshte yangu mmoja wa base, jina namfichia, alikuwa anaitwa fresh. Nywele fresh, ndula fresh, sufuria fresh kwa mira. Kona moja, mchanga kidogo, mguu mara mbili. Wiki hio hio tukaona notifikesheni: "You were added." Group ya mchango. Picha yake ya profaili ni ile ya ID, ile amekaa ni kama ameshikwa na wizi. Shangazi wa ocha anatuma sala ndefu. Exe wake yuko ndani, anasoma, hatumi kitu. Treasurer anaandika kila saa kumi: "Jamani tumefika wapi?" Msee ameweka rwabe na akaandika maneno ya elfu kumi. Miezi sita kitandani, na kila mtu mtaani anajua bill yako hadi shilingi ya mwisho.

Hio ndio kuchoma picha. Helmeti haijawahi kuchomea mtu. Riflekta haijawahi kuchomea mtu. Group ya mchango inachoma hadi ukoo.

Sasa mimi niko na helmeti mpya. Ilinimaliza, hii mwezi ni sukuma na sukuma. Mathe aliishika, akaipima kwa mkono, akagonga juu na mwiko mara mbili. Kimya. Alafu akasema, "Hii angalau ni nzito." Nikajua nimeshinda. Nikafika kwa mlango. "Na sweta?"

Nilivaa. Ndani ya leather. Usiambie mtu.

So buda, kabla uwashe: kamba ya kidevu, funga. Taa, washa. Simu, mfukoni. Na ile kitu yako ya soo nane imetundikwa kwa mira, ishushe leo leo, pelekea mathe. Kuna githeri inangoja sufuria.